Siku Nilipompima Mbuzi Ndevu

Jamani, kabla sijaanza nawaomba kitu kimoja tu: nikimaliza, mtu asije akanifuata sokoni akinililia meee nyuma ya mgongo, maana nimeshaliliwa vya kutosha. Aibu niliyoipata siku ile wallahi si ya kuelezeka, ni aibu ambayo hata nikiwa peke yangu jikoni nakaanga vitunguu ikinijia tu naufunika uso kwa kanga, na kuna nani wa kuniona? Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na ardhi ya mahali penyewe ilikuwa ya marumaru, haikupasuka.

Mimi, kwa asiyenijua, nauza mbuzi soko la Kiamaiko, hapa Nairobi. Sisemi nyama, nasema mbuzi wazima, wanaokojoa na kukimbia. Marehemu mume wangu, Baba Rehema, aliniachia zizi nikiwa sijui hata kumtofautisha mbuzi mgonjwa na mbuzi mvivu, na leo ni mwaka wa ishirini na mbili. Na mtu wa mbuzi haamini macho yake, kwa sababu mbuzi unaweza kumnywesha maji akavimba tumbo mtu akadhani amenona, kwa hiyo sisi tunaamini mkono. Unamshika kiunoni, unabonyeza uti wa mgongo usikie mifupa inakuchoma au imefunikwa na nyama, unabana shina la mkia, kisha unamfungua mdomo unatazama meno ya chini, basi, umeshamjua mbuzi kuliko mwenyewe anavyomjua. Mkono wangu umezoea hivyo mpaka unafanya kazi bila kuniuliza (nikimpakata mtoto wa jirani mama yake ananiambia, "Mama Rehema, huyo hauzwi").

Sasa binti yangu Rehema, wa pekee, akapata mchumba. Salim, kijana mtulivu, mtoto wa Buruburu, wazazi wote wawili wamestaafu kazi za serikali, nyumba yao ina maua getini na kengele ya kubonyeza. Babake, Mzee Hamadi, nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, amekaa kitini na miwani yake na kofia yake ya kufuma, sura ya mtu aliyezoea watu wapige hodi mara mbili. Salim hakuwa na neno, mzee hakuwa na neno, mwenye neno alikuwa mama mtu. Alishamwambia mwanawe wazi kwamba ana wasiwasi na watu wa Kiamaiko, ati tunaongea kama tuko mnadani, ati heshima zetu ni za zizini. Kwa hiyo kabla ya kuleta posa akataka anione kwanza. Mjukuu wao Nuru, ambaye wanamlea wao, alikuwa anatimiza miaka sita, wakatualika tukale pamoja siku hiyo.

Asubuhi ile Rehema akanifunga pini ya mtandio. "Mama, huyu ndiye," akaniambia. "Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba usitaje mbuzi. Usimsifu mbuzi, usimtukane mbuzi, usiulize mbuzi katoka wapi."

"Na wakiniuliza nafanya kazi gani?"

"Sema biashara, halafu unyamaze."

Nikamwapia. Nilikuwa nimejifukiza udi mpaka paka akahama nyumba, nimevaa baibui jipya lenye nakshi za fedha mikononi, na moyoni nimeshasema leo nitakuwa mama mpole, leo sauti yangu itatoka kama ya mtu aliye maktaba.

Mahali penyewe ni bustani ya michezo iliyofunguliwa juzijuzi huko mbele ya Njiru, siwatajii jina kwa sababu sitaki wao walikumbuke langu. Jamani! Mimi nilidhani naenda kuona mabembea mawili na ngamia mmoja. Kumbe kuna gurudumu kubwa linalokupandisha mpaka unaona mabati ya Njiru yote yanang'aa, kuna jumba la mpira wa upepo watoto wanarukaruka ndani wakipiga mayowe, kuna bwawa lenye mashua za umbo la bata, kuna treni ndogo nyekundu inapiga honi kabisa! Nuru akaniomba nimpeleke kwenye treni, nikampeleka. Nilipanda mara mbili (mara ya pili Nuru hakuwepo). Rehema akinitazama kwa jicho la kuniambia nitulie, lakini utatulia vipi na honi inalia?

Halafu tukaingia kwenye bafe. Ukumbi umejengwa kama zizi, una nguzo za mbao na marobota ya nyasi pembeni, lakini ni zizi la ndotoni, halina inzi hata mmoja. Unapewa sahani, unaenda meza ndefu iliyozunguka ukuta mzima, unajipakulia, ukimaliza unarudi tena, hakuna anayekuuliza. Nilikuwa sijala tangu jana yake, nimekunywa chai kavu tu ili niache nafasi. Pilau ilikuwepo, biriani ilikuwepo, samaki wa nazi, kuku wa kupaka, viazi karai, mahamri madogo yamevimba vizuri, keki za rangi ambazo sijui hata majina yake. Na katikati, kwenye sinia refu la chuma lenye moto chini yake, mbavu za mbuzi wa kuchoma. Nikazitazama zile mbavu, nikajua papo hapo huyu alikuwa beberu mchanga wa meno mawili, wa kutoka kaskazini, na aliyemkata ni fundi. Nikafungua mdomo, Rehema akanikanyaga mguu, nikaufunga.

Mezani tulikuwa watano, mimi, Rehema, Salim, Nuru, na Mama Salim mwenyewe, amekaa wima, ananitazama kwa juu ya miwani. "Mzee anaomba radhi," akasema, "amepitia mahali kidogo, atatukuta." Nikamwona Salim anacheka ndani ya glasi yake ya maji ya ukwaju, sikutilia maanani, nikadhani ni furaha ya uchumba.

"Na wewe, Mama Rehema, unajishughulisha na nini?"

"Biashara."

"Biashara ya nini?"

"Ya jumla," nikasema kwa ile sauti ya maktaba, nikatia tonge mdomoni ili nisiweze kuulizwa tena.

Mnajua, mambo yalikuwa yanaenda vizuri! Tuliongea habari za maji kukatika, tukaongea habari za magoti, akaniambia dawa anayopaka, nikamwambia ninayopaka mimi, mpaka akanyoosha mkono akanichagulia kipande kizuri cha samaki akakiweka kwenye sahani yangu yeye mwenyewe. Rehema akanibana vidole chini ya meza kwa furaha. Mimi moyoni nikaona posa hiyooo, inakuja.

Hapo ndipo ngoma zikalia. Taa za rangi zikaanza kuzunguka, emsii akaruka jukwaani na maiki, "Niaje watoto wa Nairobi! Mko fiti?" na milango ikafunguka, wakaingia wanyama. Si wanyama hasa, ni watu ndani ya mavazi makubwa ya manyoya, vichwa vikubwa kama madumu ya maji, lakini ukiwaona jamani utasahau. Ng'ombe amevaa aproni, jogoo amefunga tai, sungura anateleza kwa viatu vya magurudumu, na nyuma yao mbuzi, mweupe, pembe zimepinda, ndevu mpaka kifuani, koti la bluu. "Ndevu! Ndevu! Ndevu!" watoto wanaimba, na mimi nikajikuta naimba nao, napiga meza, hata Mama Salim anatabasamu.

Mbuzi Ndevu akaacha meza zote akaja moja kwa moja kwetu. Akasimama mbele ya Nuru akafungua mikono, akacheza kidogo, akitikisa nyonga kwa shida shida. Basi Nuru badala ya kufurahi akapiga ukelele, akakimbia akajifukia mapajani mwangu. Mbuzi akasogea, mtoto akazidi kulia. Mbuzi akarudi nyuma, akasogea tena, mtoto anatetemeka. Nikamwona Mama Salim uso umebadilika, amehuzunika kweli, kama mtu aliyepanga kitu kikamharibikia. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikasema nikimtuliza huyu mtoto hapa mbele ya nyanya yake nimemaliza kazi, posa inakuja kesho.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo hivyo.

"Nuru, usiogope," nikamwambia, "mbuzi hana neno, njoo nikuonyeshe mbuzi anashikwaje."

Nikasikia Rehema ananong'ona, "Mama, hapana, Mama," lakini nimeshasimama. Nikamkamata Mbuzi Ndevu kiunoni kwa mikono miwili. Akashtuka! Akaruka kidogo, na mbuzi akiruka hivyo mtu wa Kiamaiko hafikirii, anabana. Nikambana. Nuru akaacha kulia, akachungulia. Ehe! Nikabonyeza mgongo, nikasikia mfupa mmoja mmoja, nikamwambia mtoto, "Unaona, huyu ameliwa na umri, kiuno hana."

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Na kicheko, ndugu zangu, ndicho kilichoniponza, kwa sababu emsii aliposikia kicheko akaja mbio na maiki, akaiweka karibu na mdomo wangu, "Shosho anasema aje? Shosho ni daktari wa mbuzi?" (shosho ndiyo nyanya kwa vijana wa Nairobi) na ukumbi mzima ukanyamaza kunisikiliza. Ile sauti ya maktaba sijui ilienda wapi. Ikaja ya mnadani.

"Huyu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote nne, "huyu hafai kuchoma wala kukaanga, nyama yake imeshakuwa kamba, huyu ni wa supu tu, na hiyo supu uanze kuichemsha alfajiri!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wanapiga makofi, watoto wanaruka, Nuru anacheka mpaka amejishika tumbo, na mimi nimewaka, sisikii sioni, nimesahau posa, nimesahau kiapo, niko sokoni kabisa. Mbuzi anajaribu kuondoka, anatoa sauti ndani kwa ndani, "Mm! Mm-mm!" nami nikadhani ni sehemu ya mchezo, nikamvuta kwa mkia. Nikabana shina la mkia, nikatangaza, "Mafuta hakuna!" Makofi tena. Nikamgeuza. "Sasa tutazame meno," nikasema, nikaingiza vidole kwenye mdomo wake wa manyoya, taya moja juu, taya moja chini, nikafungua kwa nguvu kama ninavyofungua siku zote.

Kichwa kikatoka.

Kilitoka chote, na pembe zake, kikabaki mikononi mwangu. Na pale juu ya koti la bluu kikatokea kichwa kingine, kidogo, cha mtu mzima, kimelowa jasho, miwani imekaa upande, kofia ya kufuma imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikakitazama. Nikakitambua kutoka kwenye ile picha. Mzee Hamadi, babake Salim, mkwe wangu mtarajiwa, ambaye kwa heshima na kwa dini nisingempa hata mkono wa salamu, nimempapasa kiuno mbele ya mkewe na kumbana mkia mbele ya watu sijui mia ngapi.

Kumbe mzee alikuwa amewaomba wenye bustani wamruhusu avae yeye, amshangaze mjukuu wake siku yake ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo "amepitia mahali kidogo".

Hapo Nuru, Mungu amjalie, akapiga ukelele ambao nadhani uliwafikia watu wa gurudumu kule juu. "Mama Rehema amemkata kichwa Ndevu! Babu alikuwa tumboni! Mbuzi alimmeza Babu!"

Mnajua watoto wakiogopa kwa pamoja wanakuwaje? Ukumbi mzima ulilia. Wengine chini ya meza, wengine juu ya mama zao, sungura wa magurudumu akajaribu kukimbilia kusaidia akateleza akaangukia marobota ya nyasi. Na mimi nimesimama na kichwa. Nikaona nikiendelea kukishika watoto watazidi kulia, nikiweke mahali haraka, basi nikageuka, nikakiweka kwenye meza ya kwanza niliyoiona, na ile meza, haki ya Mungu sikufikiria, ilikuwa meza ya bafe, na pale nilipokiweka ni kando ya sinia la mbavu za mbuzi. Kichwa cha Ndevu kimekaa pale kinatabasamu, na mbavu zinafuka moshi pembeni yake. Mtoto mmoja wa meza ya mbali akaonyesha kwa kidole, akawaeleza wenzake alichokiona, na kilio kikaanza upya.

Emsii, kijana mcheshi vile, aliishusha maiki. Maiki ilikuwa bado iko wazi, na kitu cha kwanza kilichosikika kwenye spika ni Mzee Hamadi, anahema, anaiweka miwani yake sawa kwa kwato:

"Asalaam alaikum, Mama Rehema. Mimi ndiye Hamadi."

Nikaitikia. Ningefanya nini? "Waalaikum salaam," nikaitikia, na hiyo pia spika zikaitangaza.

Mama Salim akasogeza kiti chake nyuma. Alisimama, akamchukua mjukuu wake, akamfuta mumewe jasho kwa kitambaa cha meza, wakatoka. Salim akatufungulia teksi akiwa anatazama viatu vyake. Njiani Rehema hakulia hata tone, na hilo ndilo lililonikata maini, angelia ningejua la kusema. Alipofika nyumbani alivua vile viatu vyake vipya, akavirudisha kwenye boksi, akafunga na kamba.

Siku nne hakunisemesha. Siku nne jamani, katika nyumba ya vyumba viwili! Ananiwekea chakula, anaondoka. Nikamwambia nitaenda Buruburu nikapige magoti kwenye maua yao, akasema, "Usiende popote, Mama." Nikamwambia mwanangu nisamehe, mkono ulitangulia. Akanigeukia akaniambia, "Na mdomo?" Na kweli, mkono haukusema maneno ya supu. Usingizi ukaniruka. Nilikuwa sina mwingine duniani ila yeye, na nilikuwa nimemharibia kwa kutaka kupigiwa makofi.

Siku ya tano, nikiwa zizini, simu ikalia. Mama Salim. Nikakaa chini kwenye ndoo.

"Mama Rehema," akasema, na sauti yake ni ileile ya wima, "mimi nimekaa na huyu mzee miaka thelathini na minane. Kila siku namwambia umri umeenda, aache kupanda paa kurekebisha antena, aache kubeba mitungi ya gesi, ananiambia yeye bado kijana. Tangu Jumapili hajapanda paa. Nikimuuliza, ananiambia kwamba ameambiwa na mtaalamu. Ulimwambia nini vile, kwenye maiki? Mimi nilisikia vibaya, kulikuwa na kelele."

"Kwamba ni wa supu tu," nikasema kwa sauti ya kufa. "Na... ianze kuchemshwa alfajiri."

Nikadhani amekata. Kumbe mama wa watu ameweka simu mbali na mdomo anacheka, anacheka mpaka anakohoa, na nyuma yake namsikia mzee anafoka, "Sasa unacheka nini, unacheka nini wewe?"

Aliporudi alikuwa hana wima tena. "Biashara ya jumla, ee? Ungesema tu mbuzi, mama. Ijumaa ijayo tunaleta posa. Rehema tunamtaka. Ila mzee anaomba aketishwe upande ule mwingine wa chumba."

Nilipiga vigelegele mle zizini mpaka mbuzi wakatawanyika. Nilikimbia na ndala moja mpaka nyumbani, nikamkuta Rehema anafua, nikamwonyesha simu tu, akaisoma habari kwenye uso wangu, akanirukia na povu lake la sabuni, na hapo ndipo akalia, akalia kwa zile siku nne zote.

Wameoana, alhamdulillahi, wanakaa vizuri. Nikienda Buruburu Nuru bado akiniona mlangoni anakimbia kumpanda Babu yake mapajani, anamkumbatia shingo kwa mikono miwili, hamwachi mpaka niage. Mzee mwenyewe ananisalimia kwa heshima zote, akiwa ameegemea ukuta. Na mimi nimejiwekea sheria. Wenzangu sokoni wananicheka, wateja wapya wanadhani nimerukwa na akili, lakini siku hizi mbuzi yeyote, hata awe na kwato nne na amefungwa kamba shingoni, simgusi kabla sijamtolea salamu. Nampa nafasi aitikie, akinyamaza ndio naweka mkono.